Duke wa Devonshire: cheo kilianzia wapi, na jina lake liliingiaje kwenye Waraka wa 1923?

Mwalimu_Kidato3

Habari zenu wana jukwaa. Natayarisha vipindi vya historia ya Kenya, miaka ya 1920 hadi 1939, na nimekwama kwenye Waraka wa Devonshire wa 1923, lile tamko la serikali ya Uingereza kuhusu Kenya. Vitabu vya shule vinautaja kwa mistari miwili, kisha vinarukia kipande (kitambulisho ambacho Mwafrika alilazimishwa kubeba) na kodi ya kichwa. Wanafunzi wanauliza mambo ya msingi kabisa ambayo vitabu havigusi.

Huyu Duke alikuwa nani hasa? Ukitafuta mtandaoni unakuta mmoja aliyekuwa waziri mkuu mwaka 1756, mwingine anatajwa kwenye habari za ndizi, mwingine kwenye maabara ya Cambridge. Tena Devon, ambayo ndiyo Devonshire, iko kusini-magharibi mwa Uingereza, ilhali kasri lao la Chatsworth liko Derbyshire, katikati ya nchi. Juu ya hapo kuna Earl wa Devon, ambaye naona ni mtu mwingine kabisa. Cheo hiki kinarithiwaje, na leo kina uzito gani?

Zaidi ya yote, waraka wenyewe uliamua nini? Kitabu kimoja kinasema uliwatetea Waafrika, kingine kinasema uliwaachia walowezi wa Kizungu Nyanda za Juu, ile ardhi yenye rutuba ya bara. Naomba miaka na tarakimu, maana darasani wananibana.

Kumbukumbu_Zetu

Mwalimu, salaam. Tenganisha mambo matatu tangu mwanzo: cheo, ukoo na mali. Cheo ni Duke wa Devonshire, kilichotolewa tarehe 12 Mei 1694. Ukoo ni Cavendish, watu wenye asili ya Suffolk, mashariki mwa Uingereza. Mali ni Chatsworth, iliyonunuliwa 1549, yaani miaka 145 kabla uduke haujakuwapo. Kila kimoja kilikuja kwa njia yake. Anayevichanganya ndiye anayeishia kutafuta kasri la Duke huko Devon.

Aliyeweka msingi wa yote ni mwanamke, Elizabeth Hardwick, maarufu kama Bess wa Hardwick. Alizaliwa Derbyshire katika familia ya wenye mashamba wasio na makuu, akaolewa mara nne. Mume wa pili, Sir William Cavendish, waliooana 1547, alikuwa ofisa wa serikali aliyetajirika Mfalme Henry VIII alipozivunja nyumba za watawa na kutwaa ardhi zao. Bess ndiye aliyemfanya auze ardhi zake za kusini na kununua Derbyshire, karibu na kwao. Chatsworth waliipata kwa pauni 600, na 1552 wakaanza kujenga. Nyumba unayoiona kwenye picha leo si ile yao, kwa kuwa Duke wa kwanza aliijenga upya kati ya 1687 na 1707. Kazi ya Bess inayosimama bado kwa sura yake ni Hardwick Hall ya miaka ya 1590. Kuta zake zimejaa madirisha makubwa, wakati ambapo kioo kilikuwa bidhaa ya matajiri, na juu ya minara kumechongwa herufi za mawe ES, kwa jina lake la ndoa ya nne, Elizabeth Shrewsbury, kubwa kiasi cha kusomeka ukiwa mbali. Mwoneshe mwanafunzi picha ya minara hiyo na ataelewa ukoo huu ulivyojiona.

Mwanawe William ndiye aliyeuingiza ukoo kwenye vyeo. Mwaka 1605 akafanywa Baron, na 1618 Earl wa Devonshire. Enzi ya James I vyeo vilikuwa vikilipiwa, na bei inayotajwa kwa hiki ni pauni 10,000. Devonshire ilichukuliwa kwa sababu ilikuwa wazi: earl wa mwisho wa ukoo wa Courtenay, Edward, alifariki Padua 1556 bila mtoto, kisha Charles Blount akapewa cheo cha Devonshire 1603 naye akafa 1606 bila mrithi halali. Jina la kaunti nzima lilibeba heshima kuliko jina la kijiji, na kulichukua hakukuhitaji kumiliki hata ekari moja huko.

Sasa mkanganyiko wa Earl wa Devon. Hati ambayo Malkia Mary I alimpa Edward Courtenay mwaka 1553 ilisema cheo kiende kwa "warithi wake wa kiume", bila kuongeza maneno ya kawaida "waliozaliwa na mwili wake". Karibu miaka 300 baadaye ndugu wa mbali wa ukoo huo walilishika pengo hilo, wakadai kwamba cheo hakikufa, na mwaka 1831 Bunge la Malodi likawakubalia. Ndiyo maana leo kuna Earl wa Devon, ukoo wa Courtenay, anayeishi Powderham karibu na Exeter, ndani ya Devon yenyewe, na kuna Duke wa Devonshire, ukoo wa Cavendish, wa Derbyshire.

Kupanda kutoka earl hadi duke kulikuwa malipo ya kisiasa. Earl wa 4 alikuwa mmoja wa wakuu saba waliotia sahihi barua ya 30 Juni 1688 ya kumwalika William wa Orange aje kumwondoa James II. William akashinda, na baada ya miaka sita akawalipa fadhila. Siku hiyohiyo ya uduke walipewa pia cheo cha Marquess wa Hartington, nacho mwalimu ukishike, maana kinawapoteza watu wengi.

Nasaba_na_Sheria

Naongezea upande wa urithi.

Ngazi za vyeo vya Uingereza kutoka juu ni Duke, Marquess, Earl, Viscount na Baron. Kila cheo kina hati yake ya mfalme, na sheria ya urithi ni ile iliyoandikwa ndani ya hati hiyo. Kwa Devonshire ni wanaume wa ukoo waliozaliwa ndani ya ndoa halali, kwa kufuata mstari wa baba. Binti harithi. Mtoto wa kuasili harithi. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wazazi kuoana harithi hata wakioana baadaye, ingawa anaweza kurithi fedha na nyumba kama kawaida. Anayekishika cheo ni mtu mmoja tu kwa wakati mmoja. Wengine wote wa familia, kisheria, ni raia wa kawaida.

Mtoto wa kwanza wa kiume huitwa kwa cheo cha chini cha baba yake, kwa adabu tu, bila cheo hicho kuwa chake. Hapo ndipo Hartington anapopoteza watu. Spencer Compton Cavendish alikaa bunge la chini zaidi ya miaka 30 akiitwa Marquess wa Hartington, akawa Waziri wa Vita Jenerali Gordon alipotumwa Khartoum 1884, na mara tatu akakataa uwaziri mkuu: 1880, 1886 na 1887. Mwaka 1891 baba yake alipofariki akawa Duke wa 8. Msomaji asiyejua hudhani hao ni watu wawili.

Kosa jingine ni la namba. Maearl walihesabiwa peke yao na maduke peke yao, kwa hiyo Earl wa 4 na Duke wa 1 ni mtu yuleyule. Ukikutana na "Duke wa Devonshire" kwenye hati yoyote, tazama mwaka wa hati kisha ulinganishe na miaka ya vifo: wa 1 alifariki 1707, wa 2 1729, wa 3 1755, wa 4 1764, wa 5 1811, wa 6 1858, wa 7 1891, wa 8 1908, wa 9 1938, wa 10 1950, wa 11 2004. Wa 12 ameshika tangu 2004. Waziri mkuu uliyemkuta wewe ni wa 4, aliyeongoza serikali kutoka Novemba 1756 hadi katikati ya 1757. Wa ndizi ni wa 6, wa maabara ni wa 7, na wa Kenya ni wa 9.

Usidhani pia kwamba kila mara ni baba kwa mwana. Wa 6 hakuoa, cheo kikaenda kwa binamu. Wa 8 hakupata mtoto, kikaenda kwa mpwa wake Victor, ndiye wa 9. Mrithi wa Duke wa 10, William, alimwoa Kathleen Kennedy, dada wa John F. Kennedy, mwezi Mei 1944, na Septemba mwaka huohuo akauawa vitani Ubelgiji. Cheo kikamfikia mdogo wake Andrew. Kathleen naye alikufa kwa ajali ya ndege 1948, akazikwa Edensor, kijiji kilicho ndani ya eneo la Chatsworth, na rais huyo wa Marekani alilizuru kaburi lake Juni 1963.

Uzito wa cheo leo ni mdogo kisheria. Hadi 1999 kila mwenye cheo cha kurithi alikuwa na kiti Bunge la Malodi. Sheria ya mwaka huo iliwatoa karibu wote, wakabaki 92, na muswada wa kuwaondoa waliobaki uliwasilishwa Septemba 2024. Cheo hakina mshahara wala ardhi. Tangu 2004 mrithi anayetaka kutambuliwa rasmi lazima athibitishe urithi wake kwa vyeti vya kuzaliwa, ndoa na vifo ndipo aingizwe kwenye daftari la wenye vyeo. Asiyekitaka anaweza kukikana kwa maisha yake yote, kwa sheria ya 1963, akiwa na miezi 12 tangu arithi, na akifa kinaendelea kwa mrithi anayefuata.

Nalisema hili kwa sababu vijana wetu wanaoneshwa matangazo: hakuna anayeweza kukuuzia uduke, uearl au ubaron wa Uingereza. Biashara ya vyeo ni kosa la jinai kwa sheria ya 1925. Tovuti zinazouza "ulodi" huuza ama haki za kale za umiliki wa kijiji, ama kipande cha ardhi cha ukumbusho, na kati ya hivyo hakuna kinachomfanya mtu kuwa lodi.

Nyanda_na_Pwani

Mwalimu, nakuja kwenye waraka.

Jina la Duke halimo kwenye kichwa chake. Hati inaitwa Indians in Kenya, ilitolewa Julai 1923, na namba yake katika nyaraka za Bunge la Uingereza ni Cmd. 1922. Angalia sana hapo: 1922 ni namba ya hati, si mwaka. Wapo wanaoandika "Waraka wa 1922" kwa kosa hilo tu. Jina la Devonshire liliwekwa kwa desturi ya kuita waraka kwa jina la waziri aliyeutoa. Waziri wa Makoloni alikuwa Victor Cavendish, Duke wa 9, aliyeishika wizara hiyo kutoka Oktoba 1922 hadi Januari 1924. Kabla ya hapo, kutoka 1916 hadi 1921, alikuwa Gavana Mkuu wa Kanada.

Kile kichwa kinakuambia ugomvi ulikuwa wa nani. Mwaka 1920 Kenya ilifanywa koloni. Wazungu walikuwa hawafiki 10,000, nao tayari walikuwa na viti 11 vya kuchaguliwa katika Baraza la Kutunga Sheria. Wahindi walikuwa karibu 23,000. Walitaka orodha moja ya wapiga kura, mwisho wa ubaguzi wa makazi mijini, na haki ya kununua ardhi Nyanda za Juu. Mwaka 1922 London ilitoa mapendekezo ya Wood na Winterton, manaibu waziri wa Makoloni na wa India, yaliyokubali orodha moja, ila kwa masharti ya mali na elimu ambayo yangempa kura Mhindi mmoja kati ya kumi hivi. Walowezi wakachachamaa. Mwanzoni mwa 1923 walipanga mikakati ya uasi: kushika reli na simu za waya, na kumteka Gavana Robert Coryndon.

Duke akaziita pande zote London. Ujumbe wa walowezi uliongozwa na Lord Delamere, na kwa upande wa Wahindi alikuwamo A. M. Jeevanjee, huku Srinivasa Sastri akija kutoka India kuwatetea. Wamishenari nao walikuwa na sauti, na J. H. Oldham hasa ndiye aliyesukuma wazo la kuweka maslahi ya Waafrika mbele. Mwafrika hakualikwa hata mmoja, mwaka mmoja tu baada ya watu kupigwa risasi Nairobi tarehe 16 Machi 1922 wakidai Harry Thuku, kiongozi wa Waafrika aliyekuwa amekamatwa, aachiwe.

Maamuzi yake wape wanafunzi yote, kwa sababu kila kitabu kinachukua kipande kinachokifaa:

Maslahi ya Waafrika yatatangulia, na yakigongana na ya jamii zilizohamia, ya Waafrika ndiyo yatakayoshinda. Walowezi hawatapewa serikali ya kujitawala. Nyanda za Juu zitabaki kwa Wazungu. Orodha za wapiga kura zitakuwa kwa jamii: Wazungu viti 11, Wahindi 5, Mwarabu 1. Maslahi ya Waafrika yatasemewa na mmishenari mmoja wa kuteuliwa. Ubaguzi wa makazi mijini unaondolewa, na uhamiaji wa Wahindi haufungwi.

Kile kiti cha Mwarabu hakikutoka hewani. Ukanda wa pwani ulikuwa bado mali ya Sultani wa Zanzibar, Mwingereza akiuendesha kama nchi lindwa, na ndiyo maana jina rasmi lilikuwa Koloni na Nchi Lindwa ya Kenya.

Kwa hiyo vitabu vyako viwili vyote viko sahihi, kila kimoja nusu yake. Neno la kutanguliza Waafrika lilitumika kuwazima Wahindi wasipate usawa na walowezi wasipate madaraka. Mwafrika mwenyewe hakupata ardhi wala kiti. Kipande kikaendelea. Mwafrika wa kwanza kuingia katika baraza hilo ni Eliud Mathu, mwaka 1944, miaka 21 baadaye. Nyanda za Juu zikapewa mipaka ya kisheria kwa amri ya mwaka 1939. Wahindi kwa hasira waligomea uchaguzi wa orodha za kijamii.

Hata hivyo usiwaambie wanafunzi kwamba waraka ulikuwa bure. Mlinganishe na Rhodesia ya Kusini: huko, Oktoba 1923, miezi mitatu tu baada ya waraka huu, walowezi walipewa serikali yao, na matokeo yake yaliendelea hadi 1980. Kenya mlango huo ulifungwa. Lile neno la kutanguliza Waafrika nalo likawa ahadi iliyoandikwa. Chama cha KCA (Kikuyu Central Association) kilichoanzishwa 1924 kilipomtuma Kenyatta London 1929, alikuwa na maandishi ya serikali yenyewe ya kuishikia. Waraka wa Lord Passfield, Waziri wa Makoloni wa wakati huo, wa 1930 ukalirudia neno hilo.

Jambo moja la vyeo linasaidia darasani. Delamere, kiongozi wa walowezi, alikuwa Baron, ngazi ya chini kabisa, cheo cha mwaka 1821. Aliyekaa naye mezani alikuwa Duke, ngazi ya juu kabisa, mwenye cheo cha 1694 na mashamba ya kutosha Derbyshire na Ireland. Delamere alizoea kuwatisha maofisa wa Nairobi, na kwa mtu huyu hakuwa na namna ya kumzidi kwa heshima wala kwa ardhi.

Shamba_la_Migomba

Kuhusu ndizi, kwa kifupi kiasi.

Duke wa 6 alimwajiri Joseph Paxton kuwa mkuu wa bustani za Chatsworth mwaka 1826. Karibu na 1830 Paxton alipata mche wa mgomba mfupi ambao ulikuwa umefika Uingereza kutoka Mauritius, akautunza kwenye nyumba ya kioo yenye joto. Ukatoa ua Novemba 1835, na kufikia masika yaliyofuata ulikuwa na ndizi zaidi ya 100. Ukaonyeshwa London, ukapata nishani, na ukapewa jina la ukoo wa bwana wa bustani: Musa cavendishii. Miche yake ikapelekwa Samoa na mmishenari John Williams, na kutoka huko ikasambaa Pasifiki.

Wengi huandika kwamba ulizaa ndani ya ile nyumba kuu ya kioo ya Chatsworth. Haiwezekani, kwa sababu nyumba hiyo, yenye urefu wa mita 84 na upana wa mita 37, ilijengwa kati ya 1836 na 1841. Ilibomolewa 1920: wakati wa vita vya kwanza makaa hayakupatikana ya kuipasha joto, mimea ikafa. Ustadi ambao Paxton aliupata hapo aliutumia kubuni Crystal Palace, jumba la kioo la maonyesho la London la 1851.

Cavendish iliitawala dunia baada ya ugonjwa wa mnyauko Panama kuimaliza Gros Michel, aina iliyotawala soko kabla yake, katika mashamba ya biashara, katikati ya karne ya 20. Cavendish ilistahimili aina ya kwanza ya kuvu hiyo. Lakini haina mbegu, huzalishwa kwa machipukizi, kwa hiyo mimea yote ni nakala ya mmoja, na kuvu ikipata njia ya kuingia mmoja imepata njia ya yote. Aina mpya, TR4, inaiua. Barani Afrika iligunduliwa kwanza kaskazini mwa Msumbiji mwaka 2013. Inakaa udongoni miongo mingi, hainyunyiziwi dawa ikafa, na inasafiri kwa machipukizi, matope ya buti, majembe na magurudumu. Dalili ni majani ya chini kugeuka manjano kuanzia kingoni na kuvunjikia kwenye shina. Ukilikata shina unaona mistari ya kahawia hadi nyekundu ndani. Mkulima wa Grand Nain au Williams, ambazo zote mbili ni Cavendish, asichukue machipukizi ya jirani. Achukue miche ya maabara iliyothibitishwa, na aoshe zana kabla ya kuvuka shamba hadi shamba.

Matoke si Cavendish, ni kundi lingine la migomba ya nyanda zetu. Bogoya ya Uganda nayo ndiyo hiyo Gros Michel. Huku kwetu haijaisha, kwa kuwa hulimwa kidogokidogo ikichanganywa na migomba mingine, si ekari maelfu za aina moja.

Mwalimu_Kidato3

Nawashukuru sana. Mmenifungua macho kuhusu Cmd. 1922, nilikuwa karibu kuandika mwaka usio wenyewe. Mawili yamebaki. Ile maabara ya Cambridge, jina ni la Duke au la yule mwanasayansi Henry Cavendish? Na huu utajiri wote, umebaki kwao mpaka leo au ulienda wapi?

Kumbukumbu_Zetu

Fedha za maabara zilitoka kwa Duke wa 7, aliyekuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Cambridge kuanzia 1861 hadi 1891 na mwanahisabati mzuri yeye mwenyewe. Alitoa takriban pauni 6,300, na jengo likafunguliwa 1874 chini ya profesa James Clerk Maxwell. Henry Cavendish, aliyeitambua haidrojeni mwaka 1766 na kupima uzito wa dunia 1797–98, alikuwa mjukuu wa Duke wa 2 na hakuwahi kushika cheo. Alikuwa amekufa tangu 1810. Maxwell aliyahariri maandishi yake na kuyachapisha 1879, ndiyo maana majina hayo mawili yamefungamana. Humo ndimo J. J. Thomson alipoitambua elektroni 1897, Chadwick nyutroni 1932, na Watson na Crick umbo la DNA 1953.

Nasaba_na_Sheria

Kuhusu mali, kilichoipunguza ni kodi ya mirathi, na ilipiga mara mbili.

Mara ya kwanza ni 1908. Huyu Duke wa 9 wa waraka wetu alirithi mali pamoja na madeni ya babu yake, aliyekuwa amewekeza sana kwenye viwanda vya Barrow, mji wa kaskazini-magharibi mwa Uingereza, akakuta na kodi mpya juu yake. Mwaka 1914 vitabu vilivyochapwa na Caxton, mchapaji wa kwanza wa Uingereza, na mkusanyiko wa tamthilia, zikiwamo za Shakespeare, viliuzwa kwa Henry Huntington wa Marekani. Kisha ikauzwa Devonshire House, jumba lao la London, na kubomolewa 1924. Milango yake ya chuma bado ipo Piccadilly, imewekwa kwenye bustani ya Green Park. Chiswick House ikauzwa 1929. Chiswick House, pamoja na Lismore Castle ya Ireland, ukoo ulikuwa umezipata kwa ndoa moja tu: Duke wa 4 alimwoa mwaka 1748 Charlotte Boyle, mrithi wa Earl wa Burlington.

Pigo la pili lilikuwa zito zaidi. Duke wa 10 alimhamishia mwanawe mali mwaka 1946. Kwa sheria ya wakati huo mtoaji alitakiwa aishi miaka 5 baada ya kutoa, la sivyo zawadi ihesabiwe kuwa mirathi. Alifariki ghafla Novemba 1950, imebaki miezi michache tu. Kodi ikawa asilimia 80. Andrew, Duke wa 11, aliuza ardhi kwa maelfu ya ekari, akaikabidhi serikali Hardwick Hall, ambayo 1959 ilikwenda kwa National Trust, na akatoa kazi za sanaa kulipia deni: mchoro wa Holbein wa Henry VIII, picha ya madhabahuni ya Memling yenye sehemu tatu, kitabu cha michoro cha Claude. Riba iliendelea kulipwa hadi 1974.

Mwaka 1981 waliunda Chatsworth House Trust. Familia ilikodisha nyumba na bustani kwa shirika hilo la hisani kwa miaka 99, kodi pauni 1 kwa mwaka, na wao wenyewe wanalilipa shirika kodi ya sehemu wanayoishi. Kiingilio cha wageni huenda kwenye matengenezo. Mashamba na sehemu ya sanaa zimebaki mikononi mwa mifuko ya familia.

Nyanda_na_Pwani

Mwalimu, kwenye ubao usiandike "Duke wa Devonshire" peke yake. Andika: Victor Cavendish, Duke wa 9 wa Devonshire, Waziri wa Makoloni, Oktoba 1922 – Januari 1924. Ukifika miaka ya 1960 utamkuta tena ukoo huohuo: Harold Macmillan, waziri mkuu aliyetangaza upepo wa mabadiliko barani Afrika mwaka 1960, alikuwa mkwe wa Duke huyu, amemwoa binti yake Dorothy tangu 1920. Andrew, Duke wa 11, alikuwa naibu waziri wa mahusiano ya Jumuiya ya Madola katika serikali hiyo. Wanafunzi wakikuuliza kama ni jamaa wa yule wa 1923, jibu ni ndiyo: ni mjukuu wake.